Upepo umepita, waya uko chini: shida za umeme nyumbani baada ya dhoruba na jinsi ya kuzishughulikia bila kufa

Masika yakishaanza simu yangu inakuwa kama ya daktari wa zamu. Saa kumi na moja alfajiri mtu anapiga, "fundi, waya umeanguka uani, mein swichi nimeshaizima, naweza kuutoa?" Jibu ni hapana, na hiyo hapana ndio kitu kikubwa kuliko vyote kwenye andiko hili kwa hiyo ngoja nianze nayo.

Umeme unatoka kwenye nguzo, unakuja na waya wa sevisi mpaka nyumbani, unapita kwenye mita, halafu ndio unafika mein swichi. Ukizima mein swichi umezima vinavyofuata baada yake, yaani taa, soketi, friji, feni. Vilivyo kabla yake, mita, sevisi, nguzo, vyote viko na umeme vilevile kama jana. Waya uliolala uani unalishwa na transfoma ya mtaani, breka zako za ndani hata habari hazina. Ajali nyingi nilizofika baada ya upepo zilianzia hapohapo, mtu kazima kwake akajua kazima mtaa mzima.

Kwa hiyo kwa kila dalili hapa chini swali la kwanza ni hili, tatizo liko upande gani wa mita? Upande wa ndani unaweza kuangalia mambo madogo mwenyewe, yanayobaki ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Upande wa nguzo ni wa TANESCO (Zanzibar ni ZECO), hata kama waya unapita juu ya paa lako na nguzo iko ndani ya ukuta wako. Namba ya TANESCO ni 180, haikatwi salio. Mlioko Kenya namba ya Kenya Power ni 97771. Zimamoto Tanzania ni 114. Ziandike kwa kalamu ukutani karibu na mita maana siku ya tukio simu itakuwa na chaji asilimia tatu.

WAYA UKO CHINI, AU UNANING'INIA UNAPOFIKIKA

Sababu ya kawaida kabisa ni tawi. Mwembe, mkungu au kuti la mnazi linadondoka juu ya sevisi, kiungio cha kwenye nguzo au cha ukutani kinaachia, waya unalala. Inayofuata ni kiungio chenyewe kuwa kimechoka, hasa sisi wa pwani, chumvi inakula alumini na shaba pale zinapokutana mpaka upepo mdogo tu unamalizia. Ya tatu ni nguzo kuanguka, ya mti iliyooza au kuliwa na mchwa pale inapoingia ardhini.

Hapa hakuna cha kukagua kwa mkono. Ni macho tu, na kwa mbali. Simama mita 10 au zaidi, ni kama hatua 13 kubwa za mtu mzima. Hiyo ni kwa waya mdogo wa mtaani. Kama nguzo ni ndefu na juu ina nyaya tatu zimekaa kwenye mkono wa kukingama na vikombe vya kauri, hiyo ni laini kubwa ya kilovolti 11 au 33, rudi nyuma zaidi ya hapo. Za kwenye minara ya chuma usisogee kabisa.

Sasa mtu atakwambia "mbona hautoi cheche, umeshakufa huo". Jamani. Waya ukilala kwenye mchanga mkavu, lami au zege, umeme unaovuja kwenda ardhini unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba fyuzi ya kule kwenye transfoma haioni kama kuna shida, inaendelea kulisha. Waya umelala kimya kama kamba ya mbuzi na una umeme kamili. Halafu hizi laini kubwa nyingi zina kifaa kinachokata na kurudisha chenyewe, kinajaribu mara ya kwanza, ya pili, kwa hiyo hata kama umeme ulikatika kweli, unaweza kurudi wewe ukiwa umeinama kuushika waya. Kuna na hatari ya tatu ambayo watu hawaifikirii, jenereta ya jirani, nitaifikia.

Usiusogeze kwa mti, fito wala ufagio. Kijiti kilicholowa mvua kinapitisha umeme, na kwa kilovolti 33 hata kikavu usikiamini. Gambuti na glavu za kuoshea vyombo ni za matope na sabuni, hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Kama umeshtuka uko karibu nao tayari, usikimbie. Umeme ukiingia ardhini unasambaa kama mawimbi ya jiwe kwenye maji, karibu na waya una nguvu na ukienda mbali unapungua. Ukipiga hatua ndefu mguu mmoja unakuwa penye umeme mwingi na wa pili penye kidogo, tofauti ile inapita ndani yako, inapanda mguu huu inashukia ule. Ndio maana waya ukianguka malishoni ng'ombe wanakufa wakati mchungaji anaweza kupona, miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbali. Wewe bana miguu, visigino vigusane, buruza taratibu bila kuinua, mguu mmoja usiupite mwingine, mpaka ufike mbali. Utaonekana kichekesho, sawa.

Ukiwa ndani ya gari na waya uko juu ya gari, kaa humohumo, usiguse bodi, piga simu, na wanaokuja kukuokoa wapigie kelele wasisogee. Kutoka ni gari likiwaka moto tu, na hapo unaruka miguu imebana, usishike gari na ardhi kwa wakati mmoja, ukitua unaburuza vilevile. Bajaji na bodaboda haziko kwenye hesabu hii, hazina bodi ya kukufunika.

Kazi yako wewe ni kuzuia watu. Weka mtu mzima kila upande, watoto ndani, mbwa wafungwe. Mwambie mjumbe atangaze. Halafu piga 180.

BATI, BOMBA AU KAMBA YA NGUO INATEKENYA

Hii ndio inaniogopesha kuliko ya kwanza maana ile unaiona na hii huioni. Mtu anaanika nguo baada ya mvua anasikia kamba "inamng'ata". Mtoto anagusa bomba la maji ya mvua linaloshuka kwenye paa anarudi analia. Au nondo za dirisha zinatetema ukizigusa na mkono wenye maji.

Chanzo namba moja, na nakwambia kwa mbali sana kinaongoza, ni sevisi iliyochubuliwa na bati. Waya unaingilia pembeni ya paa, zamani ulikuwa umekazwa umening'inia vizuri hauligusi bati, upepo ukaulegeza ukalalia ukingo. Ukingo wa bati ni kisu. Kila upepo ukivuma waya unasugua, siku ya kwanza plastiki, wiki ya pili shaba au alumini imetoka, bati lote limekuwa na volti 230. Na kwa sababu bati limekaa juu ya mbao kavu, umeme hauna njia ya kwenda ardhini, unakaa pale unasubiri. Anayemsubiri ni mwenye miguu kwenye matope na mkono kwenye kitu kilichoungana na bati.

Na hapa ndipo zile kamba za nguo za waya zinapoua watu. Uswahilini karibu kila nyumba ina waya wa kuanikia, upande mmoja umefungwa kwenye mti na wa pili kwenye msumari wa bati au kwenye kenchi. Nilikuta nyumba moja Mbagala, sevisi imechubuka pale kona ya jikoni, doa lenyewe dogo kama ukucha wa kidole kidogo, nyeusi kwa kuungua, na kamba ya nguo imeanzia msumari wa pili kutoka pale. Khanga zilikuwa bado zinaning'inia. Mama wa watu alipona kwa sababu alivaa kandambili na alianika kwa mkono mmoja, basi, hakuna kingine. Tafadhali toa huo waya weka kamba ya nailoni, elfu mbili tatu hivi, na ifunge kwenye miti miwili, nyumba iache.

Chanzo cha pili ni waya wa ndani ya dari uliolowa au kung'atwa na panya ukagusa bati. Cha tatu ni kifaa kibovu, pampu au hita, kinachopeleka umeme kwenye mabomba wakati ethi ya nyumba, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, imekatika. Cha mwisho na cha nadra ni laini ya nje kuangukia nyumba ya jirani mlioungana naye uzio wa waya.

Jinsi ya kutofautisha bila kugusa tena chochote. Kama mein swichi iko ndani pakavu na njia ya kuifikia ni kavu, izime. Ikiwa tatizo ni la chanzo cha pili au cha tatu, umeondoa hatari. Ikiwa ni cha kwanza au cha mwisho hujaondoa kitu, kwa sababu kuchubuka kuko kabla ya mita, na ile breka yenye kitufe cha T iliyowekwa kuokoa watu haitaanguka kwa sababu umeme ule haujapita kwake. Kwa hiyo baada ya kuzima usiende kujaribu kama bado linang'ata. Chukulia bado. Toa watu wote nje kwa mlango usiogusana na grili, wakae mbali na kuta za bati, piga 180 sema neno hili, "bati lina umeme". Usiseme "tuna shida ya umeme", hiyo inaingia kwenye foleni na watu wa yuniti.

Na usipande juu ya paa na tesita. Najua unayo. Umelowa, bati limelowa, tesita imelowa.

UMEME UMEKATIKA KWANGU TU, MAJIRANI WANAO

Pumua, hii mara nyingi ni ndogo. Anza na yuniti, usinicheke, nimeshapanda daladala mbili kwenda kumwambia mtu LUKU imeisha usiku wa mvua akadhani ni upepo. Angalia rimoti, kile kidude cha kuingizia yuniti, au mita yenyewe inasema nini. Kama yuniti zipo, angalia mein swichi na breka, iliyoanguka iinue mara moja. Ikianguka tena iache chini, nenda mwisho wa andiko.

Kama ndani kila kitu kiko juu na hamna umeme, toka nje simama mbali na macho tu yafanye kazi. Fuata sevisi kutoka kwenye nguzo mpaka kwako. Kinachotokea sana ni kiungio cha kwenye nguzo kuachia au kuungua, utaona waya mmoja umetoka umesimama kama mkia. Halafu ni fyuzi ya nguzo kukatika. Halafu sevisi yenyewe kukatika katikati kwa tawi. Mita kupigwa na radi ni mara chache, hiyo mara nyingi kioo chake kinakuwa tupu au kuna harufu ya kuungua, usiifungue, ina muhuri, ni mali yao na kuchezea ni kesi.

Kuna mtego hapa. Unaweka tesita kwenye soketi inawaka tundu la kulia, unajaribu na la kushoto nalo linawaka, lakini taa hakuna. Watu wanasema "umeme upo ila hauna nguvu". Hapana, hiyo ni nyutro imekatika, waya wa kurudishia umeme. Fezi, waya unaoleta umeme, inaingia, inapita kwenye taa au friji uliyoacha imewashwa, inafika kwenye waya wa nyutro na haina pa kwenda, kwa hiyo nyutro yako yote ndani ya nyumba sasa ina umeme. Zima mein swichi, usifungue soketi wala swichi yoyote, na ripoti.

Na usimwite kishoka. Unamjua, yule kijana mwenye koleo mfukoni na namba ya simu kaiandika kwenye nguzo yenyewe, anasema elfu ishirini napanda sasa hivi. Akidondoka ni msiba na polisi kwenye geti lako. Akifanikiwa atafunga kiungio kwa kusokota na koleo, mvua ijayo mnaanza upya, na safari hii huenda kikaungua mchana huna habari.

TAA ZINANG'AA KUPITA KIASI, AU KWANGU GIZA KWA JIRANI MWANGA

Feni inazunguka kama inataka kung'oka darini, balbu nyeupee, TV inatoa harufu. Wakati huohuo nyumba ya pili taa zao kama kibatari. Ukiona hivi usimalize kusoma, nenda kazime mein swichi sasa, urudi.

Umezima? Sawa. Mtaani zinapita fezi tatu na nyutro moja wanayoitumia wote. Kati ya fezi na nyutro ni volti 230, kati ya fezi na fezi ni 400. Upepo ukikata nyutro ya laini, nyumba za fezi hii na nyumba za fezi ile zinajikuta zimeungwa kama balbu za mapambo ya harusi, moja inamfuata mwenzake, zote zikigawana zile 400. Mwenye vitu vingi vimewashwa anapata kidogo, mwenye balbu mbili anapata nyingi mno. Yaani anayebana matumizi ndio anayeunguliwa, sijawahi kuona dhuluma ya namna hii.

Sababu nyingine ya kufifia ambayo haina hatari sana ni kiungio kulegea kwenye nguzo yako, dalili yake taa zinapepesa upepo ukivuma tu na hazing'ai kupita kiasi. Ukiwa na mita ya kupimia na unajua kuitumia, soketi ikisoma karibu na 230 na haichezi hauko kwenye shida ya nyutro. Ikisoma 290, au 140 halafu 260, ndio yenyewe. Kama hujui kuitumia leo sio siku ya kujifunza.

Mwenye mashine ya kusaga au pampu ya fezi tatu, ikianza kunguruma bila kuzunguka ujue fezi moja imepotea, zima kabla mota haijanuka. Na ripoti kwa niaba ya mtaa mzima, mwambie mjumbe na majirani wazime, maana kila anayezima vitu vyake anabadilisha volti za wanaobaki. Stabilaiza na frijigadi zinasaidia umeme ukipanda kidogo, kwenye nyutro iliyokatika nazo zinaungua, nimezifungua nyingi tu.

MTI UMELALIA LAINI, CHECHE JUU YA NGUZO, NGUZO IMEINAMA

Hapa sababu hazina mjadala, unaziona. Ninachotaka kuzungumzia ni panga. Baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilichosumbua pwani upande wa Mafia na Kilwa, na hata mvua za kawaida tu, kitu cha kwanza mwanaume anachoshika asubuhi ni panga, akate tawi lililolalia waya ili "umeme urudi haraka". Mti mbichi una maji, maji yanapitisha. Tawi likiwa limegusa waya, shina nalo limegusa, na aliyeshika shina naye amegusa. Na tawi ukilikata huwezi kulichagulia linapoangukia, linaweza kuvuta laini nzima na nguzo mbili. Mnazi usiupande ukiwa makuti yake yanafika kwenye waya, hata kama unapanda toka una miaka saba.

Cheche za kijani au bluu na mlio wa zzzzz kwenye kiungio usiku wa manyunyu, mara nyingi ni kiungio kimelegea au kikombe cha kauri kina chumvi na vumbi lililolowa. Sio lazima nyumba iungue leo, lakini piga simu usiku huohuo. Kama chini yake kuna banda la makuti, wahamishe waliomo.

Nguzo ikiinama angalia waya wa stei, ule mnene unaoivuta kutoka pembeni ukashikiliwa ardhini. Ukikuta umelegea usiukaze na usifunge mbuzi wala watoto wasibembee. Kile kikombe cha kauri katikati yake kimewekwa kuzuia umeme usishuke, na kikivunjika unashuka.

MAJI YAMEINGIA NDANI

Kama maji yamefika kwenye soketi au yanakaribia, na mein swichi iko upande wa pili wa maji, usiyavuke. Sina maelezo marefu. Toka na watu, piga 180 waombe wakukatie kwenye nguzo. Friji inanunulika. Kama maji hayajafika na una njia kavu mpaka kwenye swichi, zima sasa, usisubiri yafike, na ukiondoka chomoa plagi zote uziweke juu ya meza.

Baada ya mafuriko nyumba isiwashwe mpaka fundi apime nyaya kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama plastiki ya nyaya inavujisha umeme. Bomba za plastiki zilizo ndani ya ukuta zinashika maji wiki nzima wakati ukuta ukiutazama kwa nje umekauka.

MTU AMENASWA

Kama ni waya wa nje, usimguse, usimvute shati, usimpige kwa ubao kama tulivyofundishwa shuleni. Ule ubao ulikuwa hadithi ya umeme wa ndani. Piga 180 na 114, zuia wengine wasimkimbilie maana nimeshasikia msiba wa watu watatu ulioanza na mmoja, wawili walikwenda kumtoa. Kama ni ndani ya nyumba, kwenye kifaa, zima mein swichi kwanza, halafu ndio umshike.

Ukihakikishiwa umeme umekatwa na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kifua kiingie sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kila mikandamizo 30 mpe pumzi 2 kama unajua, kama hujui endelea kukandamiza tu mpaka msaada ufike. Akizinduka akasema "niko poa" mpeleke hospitali hivyohivyo, moyo uliopigwa na umeme unaweza kubadili mapigo saa kadhaa baadaye.

JENERETA, NIMESEMA NITAIFIKIA

Siku ya pili bila umeme mtu anatoa jenereta, anatengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili, anachomeka upande mmoja kwenye jenereta wa pili kwenye soketi ya sebuleni. Nyumba inawaka, watoto wanashangilia. Lakini umeme ule hausimami kwenye mita. Kama hukuzima mein swichi unatoka nje unapanda sevisi unaingia kwenye transfoma kinyumenyume, na transfoma haijui mbele na nyuma, iliyokuwa inashusha 11,000 kuwa 230 sasa inapandisha 230 kuwa 11,000. Fundi wa laini aliyeko mtaa wa tatu kashika waya aliouzima mwenyewe kwa mkono wake. Na ukisema utazima mein swichi, siku moja utasahau, na ile plagi ikichomoka nusu ina meno mawili ya shaba yenye umeme hewani. Weka chenji ova, swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta visikutane, fundi anaifunga kwa nusu siku, au chomeka friji moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni. Na jenereta ikae nje, moshi wake una gesi inayoua na gesi hiyo haina harufu ya kukuamsha. Wenye invata na sola ni habari ileile, isirudishe umeme nje.

UMEME UMERUDI, BREKA YENYE T HAIKAI JUU

Kwanza umeme ukirudi usikimbilie kuwasha. Acha friji, TV na pampu zimechomolewa dakika 10 hivi, washa balbu moja uiangalie, umeme wa kwanza baada ya matengenezo mara nyingi unaenda unarudi.

Ikiwa breka yenye T inaanguka kila ukiinua, hii ni ya upande wako na hapa unaweza kufanya kitu. Kinachosababisha sana ni maji kwenye vitu vya nje, taa ya geti, soketi ya baraza, pampu ya kisima. Halafu kifaa kimoja kilicholowa. Halafu waya wa dari. Shusha breka ndogo zote, chomoa kila plagi nyumba nzima maana breka ndogo zinakata fezi peke yake na uvujaji unaweza kupitia nyutro ya kifaa kilichochomekwa. Inua yenye T. Ikikaa, inua ndogo moja moja, ile inayoiangusha ndio yenye maji, iache chini, nyumba iliyobaki itumie. Ikianguka hata na zote ziko chini na hakuna kilichochomekwa, umefika mwisho wako, ita fundi apime kwa mega, inatakiwa isome megaohmu 1 au zaidi.

Usimkubalie fundi anayesema "hii breka imekuwa nyepesi sana, tuiruke". Nilifuata nyuma ya mmoja wa aina hiyo Kigamboni, kairuka kaondoka na hela yake, mwenye nyumba kafurahi taa zinawaka. Nikafungua soketi ya baraza, ndani kulikuwa na maji kama kijiko kimoja, sisimizi wengi wamekufa wamegandia kwenye skrubu ya fezi, na kibati cha nyuma kimeshika kutu ya kijani mpaka kwenye waya wa ethi. Mtoto wao alikuwa anachajia simu palepale akiwa pekupeku. Tukaitoa, tukaweka yenye mfuniko wa mvua, tukaipandisha juu mita nzima, breka nikairudisha kwenye njia yake na ikakaa.